S ya Mwisho Ubavuni mwa Basi Letu

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea na ukurasa huu, nakuomba utoke nje uende hadi pale basi letu linapoegeshwa, nyuma ya jiko la shule. Simama upande wa kushoto, upande wa mlango. Yasome yale maneno mawili makubwa meusi, SCHOOL BUS, herufi moja moja. Kisha pitisha kidole juu ya herufi ya mwisho kabisa, ile S. Ukimaliza, rudi uketi kitako nikupashe habari zake, maana ni mimi niliyezisababisha.

Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu halikuvunjika. Kilichovunjika ni ncha ya kisu kidogo chembamba kama sindano ya daktari, na kwa siku mbili nzima nilikaa kimya huku mtu mzima akihangaika kwa sababu yangu.

Mjomba wangu ana kibanda cha kutengeneza mabango mjini Nyeri, hatua chache kutoka steji ya matatu za Karatina. Upande mmja kuna saluni, upande wa pili kuna mama wa chai na mandazi. Ndani ya kibanda kuna kompyuta kuukuu, meza ndefu ya mbao na plota. Hiyo plota ndiyo mwenye nyumba. Sisi wengine tu wapangaji. Mjomba aliinunua kwa mkopo wa sacco mwaka 2017, wakati sheria ilipoanza kutaka magari yote ya shule yapakwe rangi ya manjano na kuandikwa wazi kwamba ni ya shule. Alipiga hesabu zake akaona shule zilivyo nyingi kutoka Othaya hadi Nanyuki, akasema hapa ndipo ugali ulipo. Hakukosea.

Pia kuna Guka. Huyu si babu yangu wa damu, lakini mzee wa rika lake huwezi kumwita vinginevyo. Guka ni fundi wa brashi. Zamani, kabla ya hizi stika, ukiona mbuzi amechorwa ukutani mwa bucha pale Karatina, au kikombe kinachofuka moshi mlangoni mwa hoteli, huenda ni mkono wake. Mwaka 2004, kanuni za Waziri Michuki zilipoanza kutumika na kila matatu ikatakiwa kuwa na mstari wa manjano wa upana wa milimita 150 kuzunguka gari lote, Guka alichora mistari usiku na mchana hadi akashindwa kunyoosha mgongo. Siku hizi hupata kazi mara moja moja. Hata hivyo huja kibandani kila asubuhi, huketi juu ya debe la rangi, hunywa chai na kuitazama plota ikifanya kazi. Hajawahi kuisifu wala kuitukana.

Kwa wale ambao hawajaiona, plota si mashine ya kuchapisha. Haina wino. Unachora herufi katika kompyuta, unaingiza vinili, ile plastiki nyembamba yenye gundi mgongoni iliyobandikwa juu ya karatasi laini, halafu mashine inaivuta mbele na nyuma huku kisu kikienda kushoto na kulia. Kwa hizo njia mbili tu hukata umbo lolote unalotaka, hata ramani ya Afrika. Maajabu yake yako katika kisu. Hakuna mota inayokigeuza. Ncha yake imewekwa kando kidogo ya katikati, kama robo ya milimita hivi, kwa hiyo hujigeuza chenyewe kikifuata kinakovutwa, mithili ya gurudumu la mbele la kile kigari cha supamaketi. Kikiweza kuzunguka kwa uhuru ndani ya kishikio chake, kona za herufi hutoka kali kama za daftari jipya. Kikikwama kidogo tu, kona zinakuwa za mviringo au zinararuka.

Jambo la pili ni kina. Kisu kinatakiwa kukata vinili peke yake na kuacha alama nyepesi tu kwenye karatasi ya chini. Vinili yenyewe unene wake haufiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo hakuna nafasi ya ubabe hapo. Chini ya njia ya kisu kuna utepe mweupe mrefu, laini, ambao kazi yake ni kukilalia kisu kinapopita. Utepe huo ukichanjwa, kila kazi itakayopita hapo juu itaharibika mahali palepale.

Ndiyo sababu Mjomba ana sheria yake: kwanza duara, ndipo kazi. Kila asubuhi, kabla ya kukata chochote cha mteja, hukata duara dogo lenye nukta katikati. Mwanzo na mwisho wa duara visipokutana, kuna ugonjwa: kisu kimekwama au vinili inateleza. Nukta isipotoka vizuri, kisu ni butu au nguvu haitoshi. Siku moja nilimwuliza kwa nini duara na nukta. Akacheka. Akaniambia niende nikatazame kaburi la Baden-Powell, yule mwanzilishi wa maskauti aliyefariki hapa Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Jiwe la kaburi lake lina alama hiyo hiyo, na maana yake kwa maskauti ni kwamba nimekwenda nyumbani. "Duara likifunga," Mjomba alisema, "hata mimi najua leo nitaenda nyumbani mapema."

Basi twende kwenye kisa chenyewe. Likizo ya Agosti 2024 nilikuwa kidato cha pili. Basi letu lilikuwa limepakwa rangi upya na maandishi yote ya zamani yakaondolewa. Mjomba aliipata kazi ya kuliandika, shilingi 12,000, na baada ya mazungumzo na mhasibu wa shule ikakubaliwa kwamba fedha hizo zisilipwe mkononi, ziingizwe moja kwa moja katika karo yangu ya muhula wa tatu. Mama alipopashwa habari hiyo kwa simu, aliimba. Sharti lilikuwa moja: basi liwe tayari Jumamosi tarehe 17, kwa sababu kwaya ilikuwa ifunge safari Jumapili kwenda tamasha ya muziki. Mliokuwa kwenye kwaya mnakumbuka.

Jumanne tarehe 13 Mjomba alirauka alfajiri kwenda Nanyuki kubandika maandishi ya duka moja, si mbali na lile bango la manjano la Ikweta ambalo wageni hupigia picha. Aliniachia kibanda na kazi ya kukata herufi za basi. Maneno yake ya mwisho yalikuwa haya: "Ukiona kitu hukielewi, zima stima, unipigie simu."

Nilikata duara. Halikufunga. Kulikuwa na pengo dogo, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema jambo. Nikakata tena. Safari hii lilijaribu kufunga lakini vinili ikavutika na kuraruka ukingoni, na nukta haikutoka kabisa.

Sasa, msomaji, ningeweza kupiga simu. Ningeweza kufungua kishikio nikapuliza ndani, dakika mbili tu. Lakini nilikuwa nimejigamba kwa marafiki zangu wawili kwamba mimi ndiye fundi sasa, nao walikuwa wamesimama mlangoni wakila mahindi ya kuchoma na kunitazama. Nikafikiri kama afikirivyo mtu mwenye panga butu: kama halikati, piga kwa nguvu zaidi. Nguvu ya kisu ilikuwa gramu 90. Nikaipandisha hadi 120, halafu 150, halafu 180. Juu ya hayo nikazungusha kishikio ili kisu kitokeze zaidi.

Ilikata! Ilikata vinili, ikakata karatasi, ikakata hata kilichokuwa chini ya karatasi. Ilipofika kwenye kona ya herufi H nikasikia mlio, tik, kama mtu aliyevunja ukucha. Nilipozima, mita moja na nusu ya vinili nyeusi ya kung'aa ilikuwa imekuwa matambara. Marafiki zangu walikumbuka ghafla kwamba wanaitwa nyumbani.

Jasho jembamba lilinitoka na baridi yote ile ya Agosti. Niliyakunjakunja yale matambara nikayaficha ndani ya gunia la takataka chini kabisa. Nikarudisha nguvu kwenye 90. Nikafuta meza. Guka alikuwa ameketi juu ya debe lake muda wote huo, akinywa chai yake polepole. Hakusema neno.

Mjomba alirudi Jumatano asubuhi. Alipokata duara lake, alinyamaza. Akaniuliza, "Jana ilikuwa namna hii?"

"Ilianza tu yenyewe, Mjomba," nikajibu. Huo ulikuwa ukweli nusu, na ukweli wa nusu una makali kuliko uongo mzima.

Hapo ndipo nilipomwona fundi akiitafuta shida. Hakuanza na kubahatisha. Alianza na kile kilicho nje kabisa akawa anaingia ndani. Aliangalia kama stima inapungua na kuongezeka, kwa maana mjini kwetu inaweza kuyumba, hasa mama wa saluni anapowasha mashine zake zote. Akabadilisha waya unaotoka kwenye kompyuta. Akatuma faili nyingine, ya herufi moja tu. Akakunjua vinili ya kutosha kutoka kwenye mzingo ili mashine isiwe inavuta uzito wote, maana hilo pekee hufanya duara lisifunge. Akachukua mswaki kuukuu akasugua ile chuma yenye meno madogo inayovuta vinili, ambayo hujaa unga wa karatasi ikaanza kuteleza. Akahakikisha kila gurudumu la mpira limekaa juu ya chuma hiyo sawasawa. Baada ya kila jambo moja alikata duara moja, akaandika katika daftari. Kubadilisha mambo mawili kwa pamoja, alisema, ni kama kunywa dawa mbili: ukipona hujui iliyokuponya. Kisu alikuwa amekiacha cha mwisho kwa sababu alikuwa amekiweka kipya wiki iliyotangulia. Nani angefikiri kisu cha wiki moja kimevunjika?

Jioni ikaingia. Mjomba hakula. Alhamisi asubuhi nilimsikia akiongea na fundi mmoja wa Nairobi kwa simu. Yule fundi alisema huenda ubongo wa mashine umeungua, na kuja Nyeri kuangalia tu ni shilingi 6,000, vipuri mbali. Mjomba akatoa pochi, akahesabu noti juu ya meza, akazihesabu tena kana kwamba zingeongezeka. Nilisimama pale na ulimi ukiwa mzito kama jiwe la kusagia. Nilijua ubongo wa mashine haujaungua.

Guka ndiye aliyeongea. Aliweka kikombe chini akasema, "Kijana, hebu ondoa hicho kisu. Mpe kalamu. Tuone kama mkono wake unatetemeka."

Mjomba alimtazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Alifunga kalamu ya kawaida mahali pa kisu, akatandika karatasi nyeupe, akaiambia mashine ichore duara kumi kutoka kulia hadi kushoto. Zile za kulia zilitoka safi, zimefunga, ungedhani zimechorwa kwa bikari. Mkono haukuwa unatetemeka. Ubongo ulikuwa mzima. Lakini duara nne za kushoto, kila kalamu ilipofika mahali fulani iliruka, na iliruka mahali palepale kila mara. Mjomba akawasha tochi ya simu, akainama, akapitisha ukucha juu ya ule utepe mweupe. Ukucha ukazama.

"Huu mfuo umetoka wapi?" akauliza. Hakuniangalia. Alikuwa akiutazama utepe.

Guka alikuwa akinitazama mimi. Ndipo nilipoelewa kwamba alijua tangu Jumanne, na kwamba ile habari ya kalamu ilikuwa mlango alionifungulia ili niingie mwenyewe.

"Ni mimi, Mjomba," nikasema. "Niliongeza nguvu hadi 180. Na vinili iliyoharibika iko kwenye gunia."

Nilitarajia kofi. Mjomba alizikusanya zile noti akazirudisha kwenye pochi. Akafungua kishikio cha kisu juu ya karatasi nyeupe. Kisu kilikuwa kimekatika ncha, kama ilivyotarajiwa. Lakini pamoja nacho kilidondoka kitu kingine: kijipande cha vinili kilichojiviringisha, kidogo kuliko punje ya mtama. Hicho ndicho kilichokuwa kimekizuia kisu kuzunguka siku ya Jumanne. Pumzi moja ingekitoa.

Ukitaka kujua kama niliadhibiwa, nitakuambia. Mjomba alinisukumia lile daftari la plota. Humo, tangu 2017, ameandika kila ugonjwa wa mashine, tarehe, dalili na sababu. "Andika," akasema. Nikaandika kwa mwandiko wangu: 13 Agosti 2024. Duara halifungi. Taka ndani ya kishikio. Nilipofika sehemu ya sababu ya kuharibika kwa utepe nikasita. Akangoja. Nikaandika: mimi.

Utepe mpya ungetoka Nairobi na usingefika kabla ya Jumatatu. Kwa hiyo tuliihamisha kazi yote upande wa kulia, ambako utepe ulikuwa haujaguswa, tukikata nusu ya upana wa vinili, kisha tukiigeuza na kukata nusu ya pili. Kazi ya saa mbili ikawa ya siku moja. Kisu kipya, nguvu 90, na kitokeze kiasi tu cha kukwaruza karatasi. Mimi nilipewa kupalilia, yaani kung'oa vinili isiyotakiwa ikabaki herufi peke yake. Kwetu Nyeri hata stika hupaliliwa.

Ijumaa basi lililetwa katika gereji iliyo nyuma ya kibanda. Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu hata mlima huuoni, na bati la basi lilikuwa baridi kama samaki. Vinili haipendi baridi. Chini ya nyuzi kumi gundi yake hulala, ukiibandika inainuka kwenye kona. Tuliazima mashine ya kukaushia nywele kutoka saluni, tukapasha bati joto kidogo kidogo, tukabandika. Wateja wa saluni walitoka na nywele mbichi kututazama. Upande wa kulia ukaisha. Nyuma kukaisha. Upande wa kushoto tukafika S-C-H-O-O-L, B, U. Na hapo vinili ya kung'aa ikaisha. Ile mita moja na nusu ilikuwa ndani ya gunia la takataka. Maduka yalikuwa yamefungwa, na vinili iliyobaki kibandani ilikuwa ile isiyong'aa. Ungeiweka kando ya zile nyingine ingeonekana kama jino bovu.

Guka aliinuka. Alikwenda kwake Majengo akarudi na kisanduku cha mbao, brashi tatu zimefungwa katika kitambaa na kopo dogo la rangi nyeusi ya mafuta. Alichora mistari miwili ya chaki, juu na chini. Akaegemeza mkono wake wa kulia juu ya fimbo aliyoishika kwa mkono wa kushoto, akavuta pumzi, akaanza. S, aliniambia bila kugeuka, ndiyo herufi inayomfichua fundi, kwa sababu haina mahali pa kupumzika. Ilimchukua dakika ishirini na tano. Mjomba alishika tochi. Mimi nilishika kopo, na sikuthubutu kupiga chafya.

Jumamosi Naibu wa Mwalimu Mkuu alilizunguka basi mara mbili, mikono nyuma. Akasema, "Kazi safi." Hakuona kitu. Nadhani leo ndiyo mara yake ya kwanza kujua, naye namwomba radhi kupitia jarida hili. Shilingi 12,000 ziliingia katika karo yangu. Bei ya utepe, kisu na vinili niliilipa kwa kazi likizo ya Desemba, bila hata mandazi ya bure.

Sasa ni zaidi ya mwaka. Ukilichunguza basi kwa makini utaona herufi ya L upande wa kushoto imeanza kuinuka kona ya chini. Hiyo niliibandika mimi, na sikuipasha joto ya kutosha. S bado iko vile vile, na ukiigusa haina ukingo.

Guka amekubali kunifundisha. Kila likizo hunipa brashi, rangi iliyozimuliwa na gazeti la zamani, nami nachora S. Nimejaza magazeti mawili. Juzi alilichukua moja, akaligeuza huku na huku, akaniuliza kama ile ni herufi au ni nyoka aliyeumwa na tumbo.